Bunduki za Mti Zilizonichelewesha

Mbagala, Jumapili

...na simu ikakatika hapohapo, Zuhura wangu, ulipokuwa unacheka na kuniuliza, "Sasa bunduki ya mti inamcheleweshaje mtu mzima?" Nilipiga tena na tena mpaka chaji ikaisha. Basi nakuandikia. Swali lako linastahili jibu, na tena nataka uwe na kitu changu cha kushika mkononi, si sauti tu inayokatikakatika.

Hujambo lakini, mke wangu? Kifua cha mama kimetulia? Lile bati la jikoni mmeshalipigilia? Mie mwili mzima. Moyo ndio haujatulia tangu basi lilipoondoka Newala ukabaki stendi umeng'ata ncha ya kanga, hina ya harusi bado inang'aa vidoleni. Mke wangu! Naandika neno hilo, naacha kalamu, nalisoma tena.

Najua nilikuahidi kurudi upesi. Na shangazi yako akisema umeolewa na simu, najua linavyokuchoma. Sikiliza kilichotokea.

Karakana yetu iko Kurasini, nyuma ya yadi ya makontena, na malori yanatufanya tuongee kama tunagombana. Fundi Bakari, mwenye karakana, anauza vinyago, lakini kinachotulisha hasa ni bunduki za mti tunazochongea kambi moja ya mafunzo. Kuruta hapewi ya kweli siku ya kwanza. Anapewa yetu, anakimbia nayo, anatambaa nayo, mpaka aizoee. Nimechonga za namna ile ya zamani tangu nikiwa najifunza kazi. Safari hii wakataka za umbo jingine, kwa sababu kuna bunduki mpya wanaijaribu. Hilo ndilo fungu nililokuambia nikilimaliza tu napanda basi. Nililimaliza, mpenzi wangu. Begi nilishalifunga.

Akaja Afande Rehema, mwalimu wa makuruta, kuzichukua. Akainua moja, akaiweka begani, akatabasamu. "Bwana harusi, hii safi." Kisha akaishusha, akaigeuza. "Hebu subiri. Kidude cha usalama umekiweka wapi?"

Kidude hicho ndicho kinachofunga bunduki isifyatuke. Kwenye ya zamani kiko kulia. Kwenye mpya kiko kushoto, chini ya kidole gumba. Mchoro ulikuwa ukutani mbele ya macho yangu, umeonyesha kushoto. Mie nikachonga kulia. Zote!

Fundi Bakari akakaa juu ya gogo. Nikajua nimekwisha. Afande naye akaanza kucheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Unajua kinachonichekesha? Nimeishika, vidole vyangu vimekikuta kidude palepale vilipozoea, nikasema safi. Wewe hujafyatua hata risasi moja maishani mwako, na mikono yako imeshagoma. Je, mie niliyeishika miaka yote?"

Juma, yule mwenzangu mwenye mdomo, akadakia, "Afande, si mnunue tu mpya, za zamani mzitupe?"

"Kama viatu vya sikukuu, eh?" Akaketi, akapokea kahawa. "Bunduki haiji peke yake, mdogo wangu. Inakuja na risasi zake, na ghala limejaa risasi za ile nyingine. Inataka vipuri vyake na mafundi wake, na fundi wetu amezeeka na ya zamani, anaijua kama mtoto wake. Haya, nusu yenu nimewapa mpya, nusu zamani. Uko porini, risasi zimekuisha, mwenzako anakurushia magazini yake yenye risasi. Haiingii. Utafanyaje?"

"Nakimbia," Juma akasema.

"Utakimbia kweli. Na ya zamani haijaharibika, hapo ndipo pagumu. Ingekuwa mbovu, mtu angeamua asubuhi moja. Lakini inapiga. Ukiitumbukiza kwenye matope, inapiga. Sasa hiyo mpya lazima iwe nzuri kiasi gani ndipo usumbuke hivyo? Kila mkubwa ana jibu lake. Na huwezi kumwambia adui asubiri kwanza, tunabadilisha silaha." Akanitazama. "Hayo yote yanaweza kununuliwa. Mkono haununuliwi. Mtu akishtuka, mkono unakwenda ulikozoea. Ndiyo maana nataka za mti ziwe sawasawa. Rudia."

Hakunifukuzisha kazi. Lakini ilibidi nifungue begi.

Zuhura, siku zile sikutaka hata kula. Mama ntilie hapa ananiuliza kila jioni, "Bwana harusi, wali wa mtu mmoja tena?" Nakula nimegeukia ukutani. Chumba cha jirani yangu ni mtu na mkewe, wanagombania redio, wanacheka, na mie nakaa kitandani nawasikiliza kama mwizi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha kubwa hivi na bado chumba kikamlemea.

Halafu nikagundua jambo. Afande anasema mikono ya askari inachukua miaka kusahau. Yangu imekataa kuhamisha kidude kimoja cha mti. Lakini kabla yako nililala peke yangu maisha yangu yote, tukaishi pamoja siku chache tu, na sasa kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, mkono wangu unakwenda kushoto kukutafuta. Hakuna aliyeufundisha. Unakuta shuka, unabaki palepale.

Basi nikachukua ule utepe uliochana kwenye kanga yako stendi ukanipa, nikaufunga kwenye gumba langu la kushoto. Kila nikishika patasi, nauona, nakumbuka: kushoto, kwa Zuhura. Juma anaimba karakana nzima, "Bwana harusi katiwa pingu!" Acha aimbe. Sijakosea hata moja tangu hapo. Jana Afande alipita kuzikagua, akaweka gumba lake pale, akakosa, akaweka tena, akakipata. "Pole pole," akasema, sijui ananiambia mie au mkono wake. Zimebaki chache, na Fundi Bakari amesema nikikabidhi ya mwisho, niende.

Barua hii anakuletea kaka Selemani, utingo wa basi la Newala. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie mkwewe anamwombea kifua kipone. Babu yako aliyetusimamia ndoa mwambie ile tezo ya kuchongea aliyonipa bado inakata. Wifi yako Asha aache kulalia mto wangu. Na shangazi msalimie kwa heshima zote, umwambie huyo mume wa kwenye simu ana miguu.

Wewe usisogee, Zuhura. Lala upande wako uleule, wa kushoto kwangu, niukute ulivyokuwa. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni, na utepe wako ukiwa bado kidoleni, uufungue mwenyewe.

Wako, na ninalirudia kwa raha, mume wako,
Hashimu