Herufi ya Kwanza ya Neno la Baba

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Kifua cha yule mdogo kimepona, au bado anakohoa mkisingizia vumbi? Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba imekuwa kimya tangu wageni wa msiba watawanyike. Mkono wangu umezoea kupika chakula cha watu wawili, kwa hiyo nakula kiporo kila siku na kunenepa bila aibu.

Shangazi aliondoka jana. Kabla ya hapo alinisaidia kupanga vitu vya baba, tukaikuta aproni yake ya kiwanda cha uchapaji, bado ina wino mfukoni. Shangazi alitaka kuitupa, nikamwambia athubutu aone. Chini yake zilikuwa zile herufi za mbao alizopewa kiwanda kilipoleta mashine mpya. Nilipoziona nilikaa sakafuni, na shangazi akadhani ni uchovu. Hizo herufi ndizo zimenifanya nikuandikie badala ya kukupigia. Kwenye simu ningebadilisha mazungumzo, unanijua.

Unakumbuka mchezo wake. Anamwaga herufi mezani, anachagua tatu, anataka maneno ya Kiingereza ya herufi nne yenye hizo tatu ndani yake, na usipotaja maana yake kwa Kiswahili hupati kitu. Mtu aliyeishia darasa la nne, miaka thelathini anapanga herufi za vitabu vya wenye shahada, na kila neno jipya analirudisha nyumbani kichwani.

Na siku ya ugomvi unaikumbuka, hata ukijifanya umesahau. Herufi zilikuwa O, M na E. Wewe umetoka chuo, kichwa kimekuvimba, sebule imejaa wageni. Baba akataja HOME, nyumbani. POEM, shairi. MOLE, fuko. Halafu akasema TOME, kitabu kinene. Ukacheka. Ukasema hakuna neno kama hilo, ukaleta kamusi yako ya shule, ukapitisha kidole mbele ya watu, na kweli halikuwamo. Baba akasimama.

“Toka,” alisema. “Usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe.”

Nawe, kwa ukaidi uleule wake, ukajibu kwamba utangoja kuitwa. Miaka saba, kaka! Miaka saba mmenuniana kwa neno la herufi nne, na mimi katikati napeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma. Neno lenyewe lipo, kwa taarifa yako. Nililikuta mwaka uliofuata kwenye kamusi kubwa ya maktaba. Nilipomwambia baba alisema alijua, akanikataza kukueleza.

Kiharusi cha kwanza kilichukua upande wake wa kulia. Miezi minane nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani nikimtania kwamba amekuwa mzito kuliko madeni ya serikali. Cha pili kikachukua usemi, tukarudi hospitali. Daktari akashauri tumjaribu kwa herufi, nikampelekea zile za mbao pamoja na sinia. Wiki nzima alizisukumasukuma tu kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nangoja neno langu, nakuambia kweli. Hata angepanga ASANTE, ambalo si Kiingereza na herufi zake zimezidi, ningeridhika.

Jumanne asubuhi akapanga O, M, E. Akapumzika, jasho linamtoka, kisha akasukuma kizibo cha soda mpaka mbele ya O. Muuguzi aliinama, akasoma, akafurahi. Alisema mzee anataka home, amechoshwa na kitanda cha hospitali, tumpeleke akapumzike kwake. Nikaitikia kwa kichwa. Jioni nikakupigia, nikakuambia baba ana nafuu, ameomba kurudi nyumbani, usihangaike.

Muuguzi hakujua, lakini wewe unajua. C ya mbao uliipoteza mwenyewe ukiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu kizibo ndicho C. H ilikuwepo, nzima kabisa, pembeni mwa sinia, na baba hakuigusa. Aliandika COME. Njoo. Na hakuwa ananiambia mimi, maana mimi nilikuwa hapohapo nimemshikia sinia.

Sikukosea kusoma, kaka. Nilisoma mara moja nikaelewa, na roho ikaniuma nikashindwa kuizuia. Miezi minane mikono yangu imechubuka kwa sabuni, halafu neno la kwanza alilopata nguvu ya kulipanga ni lako. Ni wivu. Nimeutafutia jina zuri zaidi nimekosa.

Aliishi siku tisa baada ya kurudishwa nyumbani. Mlango ukigongwa aligeuza macho, akaona ni jirani, akanitazama mimi. Nilimwambia nimeshakuita, uko njiani. Kila siku nilimwambia uko njiani. Nilipokupigia kukuarifu amefariki, uliniuliza jambo moja tu, kama aliwahi kukuulizia. Nilikujibu kwamba hakuwa anajitambua, nawe hukuja hata kuzika. Alikuwa anajitambua mpaka pumzi ya mwisho, na alikufa akiamini umepata habari ukakataa kuja.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Nimeiandika kwa sababu uliambiwa usubiri kuitwa, na uliitwa.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmojammoja. Kaburi liko karibu na la mama, upande wa ukuta. Ukija na usitake kuniona, ufunguo nimeuacha kwa fundi cherehani, nami nitakuwa kwa shangazi mpaka utakapoondoka.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere