Mahubiri Niliyoyatunga Mwenyewe

Jang'ombe, Unguja
Jumatatu

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake sasa hivi, kabla hujafika mbali, maana sijui kama ukimaliza kusoma utakuwa na moyo wa kumfikishia. Goti lake limepoa? Na wewe kifua kimekuachia? Mimi ni mzima wa mwili. Bado ni hamali kwenye ghala la karafuu, na chumba ni kile kile kwa Bi Zuwena, yule mjane wa Kitumbatu niliyekwisha kukueleza habari zake. Mjini watu wanabishana juu ya vyama na uchaguzi unaokuja. Hayo nayaacha, nina jambo langu.

Barua yako imefika. Umesema uliyasoma kanisani mahubiri niliyokupelekea, na Mama Agnesi, ambaye hakukanyaga kanisa tangu afiwe na mwanawe, akahadithiwa na jirani, akaja Jumapili iliyofuata akakaa mbele. Ukaandika nimshukuru Padre wa huku kwa niaba yenu. Niliposoma hapo niliikunja barua nikatoka uani. Nilitamani nisiwe mtoto wako.

Baba, Padre hakuhubiri maneno yale. Niliyatunga mimi, nimekaa barazani, naingoja zamu yangu ya bao.

Unakumbuka ulivyoniagiza nilipoondoka. Kwa kuwa huko kwetu padre hufika mara chache kwa mwaka, kila barua nikuandikie alivyohubiri Padre wa Mkunazini, kanisa la huku mjini, nawe mwalimu wa kanisa upate la kuwasomea watu. Mwaka wa kwanza nilifanya kwa uaminifu, hata penseli nilikuwa nakwenda nayo. Ndipo ndugu yangu Yohana alipougua. Nilimwombea kila asubuhi kabla ya kazi, nikawa na hakika kabisa kwamba anapona, na katikati ya hakika hiyo ikaja barua yako ya msiba.

Nilivunjika moyo. Sikugombana na mtu wala sikubadili dini. Nilianza tu kuchelewa, halafu nikawa siendi. Mwaka mzima, baba. Na mahubiri yakaendelea kukufikia, maana niliona haya kukuambia. Wewe ulimzika Yohana kwa mikono yako, na Jumapili ile ile ukapiga kengele. Ningekuambiaje kwamba mimi ndiye niliyechoka?

Hayo yaliyomrudisha Mama Agnesi niliyaandika siku nina uchungu mwingi: kwamba mtu anayemnung'unikia Mungu bado anazungumza naye, basi na aje na manung'uniko yake akae nayo kwenye benchi. Nikatia jina la Padre, nikabandika stempu, nikarudi kwenye bao. Mama wa watu kainuka na msiba wake akaenda. Mimi mwenye maneno sikunyanyua hata mguu.

Bi Zuwena alinikuta uani na barua yako, akauliza nani kafa. Nikamweleza yote. Kwanza alicheka, kisha akaacha.

"Danieli, mie nshazika watoto watatu," akasema. "Siku waliyomtoa wa mwisho kwa mlango ule, adhuhuri nliswali kwa hasira. Lakini nliswali. Wewe hasira zako wazipeleka kwenye bao?"

Jana nilikwenda kanisani. Nilifika mapema, nikazungukazunguka nje mpaka wimbo wa pili kama mtu aliyekuja kuiba, kisha nikaingia. Faraja niliyoitazamia sikuipata. Nilipopiga magoti nilimwambia Mungu kwamba nimemkasirikia kwa ajili ya Yohana, na hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililomwambia tangu msiba. Baada ya Misa nikaungama kwa Padre. Ni mtu mpole, nilitamani angenikaripia. Amesema nikae benchi la nyuma, nisikaribie meza ya Bwana mpaka nikuandikie ukweli na jibu lako lirudi. Nitakaa hapo, Jumapili hata Jumapili.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na wazee wa kanisa. Shemeji yangu, mjane wa Yohana, mwambie sikumwandikia kwa sababu sikuwa na la kumwambia, na naona aibu kwa hilo pia.

Sasa Mama Agnesi. Ukimficha nitasalimika mimi, lakini yeye atakuwa amekaa juu ya uongo wangu. Isome barua hii kanisani, baba, na jina langu ulitaje. Ukifika hapa, mwangalie yeye, umwambie maneno yale hayakuwa ya Padre. Yalikuwa ya mtu aliyeacha kanisa, naye amerudi akiyafuata, nyuma ya Mama Agnesi mwenyewe. Mwambie namwomba asiondoke.

Mwanao, ukinikubali,
Danieli