Mandolini Isiyo na Nakshi

Mji wa Kale, Mombasa
Machi 1996

Kaka yangu Khubaib,

Assalaam alaykum. Natumai joto la Maskati halijakuchosha. Huku mvua imeanza mapema, na paka wako mzee amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la kanga za mama.

Nimenunua mandolini. Usinicheke. Ameiunda fundi Abdulhalim kwa mikono yake, mbao tupu zilizopigwa msasa, haina nakshi wala vanishi, ndiyo maana bei yake nimeiweza. Alitaka kuichonga maua kidogo. Nikamwambia asijisumbue, ninayempigia hatayaona. Macho ya mama yamepofuka tangu mwaka jana, kaka. Alinikataza nisikwambie.

Jana alasiri nilikaa ukumbini nikaupiga ule wimbo ulionifundisha, nikikosea palepale ukoseapo wewe. Mama akaita kutoka chumbani, "Khubaib!"

Labeka, itiko letu wanawake, ilikwishanifika mdomoni. Nikaimeza, nikaikaza sauti kiume kama wewe, nikasema, "Naam."

"Umerudi, mwanangu?"

"Naam, mama."

Kisha nikamsikia akicheka peke yake, kicheko ambacho hakijasikika nyumbani humu tangu ulipoondoka. Sikuwa na moyo wa kuingia.

Leo ameniagiza nikupikie mkate wa sinia, kwa kuwa ndio uupendao. Nimeupika, uko mezani umefunikwa kawa, na mama anauliza mbona huji kula.

Naam si yangu, kaka. Njoo uitike mwenyewe.

Dadako,
Maisara