Nilimwambia Baba Mkwe Kampuni Yake ya Magari ya Umeme Itakufa

Kwako Shangazi Jerusa,

Salamu nyingi kutoka Merigi. Ukurasa wako nimeusoma tangu nikiwa shuleni na nilikuwa nawacheka watu wanaokuandikia, sasa zamu yangu imefika, tafadhali nisaidie kabla sijaharibu kabisa. Mimi ni fundi wa umeme katika kiwanda cha chai, kazi yangu ni kuangalia mota za zile feni kubwa zinazopuliza hewa chini ya majani ili yanyauke kabla ya kusagwa, na nakuandikia saa hii ya chakula nikiwa nimekaa kando ya feni nambari nne, majani yananukia vizuri mpaka mtu anasahau kwamba ana njaa.

Kuna msichana anaitwa Cheptoo, mwalimu wa nasari, tumependana miaka mitatu. Babake ni Mzee Chepyegon, aliyekuwa dereva wa meneja mzungu wa shamba la chai kwa miaka thelathini na moja na yeye mwenyewe hajawahi kumiliki gari, hata baiskeli. Yule meneja alirudi kwao Uingereza, lakini kila miezi sita humtumia Mzee furushi la magazeti ya magari kwa meli, na kwa kuwa macho ya Mzee hayaoni tena maandishi madogo, mimi ndiye humsomea, kila Jumapili tukitoka kanisani, tukiwa tumekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, mashamba yote ya chai yanashuka mbele yetu hadi mtoni. Mwaka juzi magazeti hayo yakaanza kuleta habari za magari yanayotumia umeme, na tangu hapo, Shangazi, mimi na Mzee hatujaongea kitu kingine.

Kampuni ziko nyingi lakini sisi tulishika mbili, majina sitayataja kwa sababu hamjalipwa tangazo. Mzee alishika Waamerika. Gari lao limeundwa upya kabisa tangu msumari wa kwanza, liko chini na laini kama sabuni iliyotumika, lina viti viwili tu, na haliuzwi, unalikodi na linabaki lao. Mimi nilishika Wajapani, ambao walichukua gari la kawaida la mtu mwenye familia wakatoa injini wakaweka betri, halina urembo wowote, lakini betri zao ni za nikeli na zinaenda mbali kuliko zile za madini ya risasi walizoanza nazo Waamerika, na juzi tu Wajapani haohao wameanza kuchanganya petroli na umeme ndani ya gari moja, jambo ambalo mimi naliona ni akili na Mzee analiona ni uoga. Aliniambia, "Huyo Mjapani yako hajaamua. Mtu akitaka kuoa anaoa, haweki mguu moja kwa mama yake." Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Zile Jumapili sijui nikueleze vipi. Ukungu unapanda kutoka mtoni, chai inapotea mstari mmoja mmoja, na Mzee anafumba macho kama anayeliona gari lake likija na kusema, "Sasa imefika Kedowa. Inapanda. Unasikia kitu?" Nasema, "Sisikii, baba." Anasema, "Basi ni hiyo inakuja." Tunatega masikio, na nakuapia Shangazi, mimi huliona, linapita polepole kwenye barabara yetu iliyoharibiwa na mvua za El Nino za tisini na saba, halina moshi, halina kelele, na nyuma yake naliona lori la kubeba majani nalo likitoka kituo cha kununulia chai bila kunguruma, akina mama wanaochuma wanalitambua kwa sauti ya matairi kwenye changarawe tu, na mota yake nimeifunga mimi kwa mikono yangu. Nilikuwa na raha kuliko nilivyowahi kuwa nayo mahali popote.

Mwezi uliopita watu wangu wakaenda kwao kwa koito, siku ya wazee wa pande mbili kukaa pamoja na kuelewana juu ya ndoa. Wewe unajua kwetu kijana anayeoa hukaa kimya kabisa, anasemewa, na mimi nilisemewa na baba yangu mdogo, Kipsang. Mambo yalikwenda vizuri, ng'ombe walikubaliwa, na mzee wa kubariki alikuwa ameshainua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, wakati Mzee Chepyegon kwa furaha alipowaambia watu, "Huyu kijana ni wa stima. Siku gari yangu ya Amerika itafika hapa, yeye ndiye atachunga betri." Watu wote wakacheka, na mimi, sijui ni pepo gani, nilijiona niko kwenye benchi yetu, nikasema kwa sauti, "Baba, hiyo kampuni yako itakufa. Hata miaka kumi haitamaliza."

Nilisema kufa, Shangazi, mbele ya kibuyu. Mzee wa kubariki alikiteremsha na kukifunika, Mzee Chepyegon aliinuka akaingia ndani, na sisi tulirudi nyumbani bila hata kunywa chai. Sasa ni wiki ya tatu. Cheptoo alituma ujumbe mmoja tu, kwamba furushi jipya limefika na babake ameliweka mezani na hajakata kamba. Kipsang ananiambia, "Enda tu useme Amerika itashinda. Ni maneno, si unasema inaisha?" Lakini mimi na Mzee hatujawahi kudanganyana hata siku moja, kwa hiyo nimeanza kuandika karatasi ya kulinganisha kampuni zote mbili, betri, umbali, bei, na matumaini yao ya miaka ijayo, ili aone kwamba sikumtukana, niliongea kama fundi. Nimefika ukurasa wa tano. Je, nimpelekee karatasi au nifuate uongo wa Kipsang? Nampenda Cheptoo, na nikisema ukweli wote nampenda na babake, na naogopa nimewapoteza wote wawili.

Ni mimi Kipkurui, na usifiche jina, Merigi nzima inajua tayari.

*

Kipkurui,

Pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ukitoka getini pa kiwanda chenu watu wanawasha koroboi, na wewe umevunja koito yako kwa ajili ya gari la umeme lililo Amerika, tena la kukodi! Nilicheka barua yako mpaka nikamwaga chai. Kisha nikaisoma tena, na mara hiyo sikucheka.

Hiyo karatasi ichome leo, kurasa zote tano. Unadhani Mzee aliinuka kwa sababu ya betri? Huyu ni mtu aliyezeeka akiendesha gari la mwenzake. Akapata Jumapili, akapata benchi, akapata kijana wa kumsomea, akachagua gari moja duniani la kungoja. Na wewe, siku ya heshima yake, mbele ya wazee wenzake, ukamwambia haitamaliza miaka kumi. Unafikiri alihesabu miaka ya nani? Ya Waamerika? Mzee huyo alijihesabia yake. Ulimwambia hatalipanda. Labda analijua hilo tangu zamani, lakini ilikuwa kazi yako wewe kumwambia, na siku ile?

Uongo wa Kipsang pia uache. Mzee atautambua kabla hujamaliza kusema, na atakuwa amepoteza mtu pekee wa kubishana naye. Isitoshe, huo ukweli unaoulinda sana huujui. Magazeti yenyewe yanakufikia yakiwa yamekaa baharini. Waamerika wanaweza kulifungia gari lao stoo kesho asubuhi. Wajapani wako wanaweza kuridhika na mchanganyiko wao mpaka wachelewe. Na atakayewashinda wote labda leo anatengeneza betri ndogo za redio katika mji ambao hamjausoma mahali popote. Umetoa hukumu kama mtu aliyetumwa na Mungu, na wewe ni fundi wa feni nambari nne.

Utafanya hivi. Utarudi kwenu ukae na mama yako na Kipsang, uwaambie umekosa. Kipsang atatangulia kwa Mzee kuomba siku. Hiyo siku, mzee aliyeshika kibuyu lazima awepo, kwa sababu neno lilisemwa mbele yake na litaondolewa mbele yake. Mtabeba kile wazee wenu watakachosema kinabebwa, na usiulize kwa nini. Kipsang ataongea. Ukipewa nafasi utasema, "Baba, nilikosa," na utafunga mdomo. Usieleze. Akikuuliza habari za Wajapani, kunywa chai yako. Akizidi kukuuliza, mshukuru Mungu, maana hapo ameshakusamehe, na mnaweza kugombana tena kwa amani Jumapili inayofuata. Mimi naona atauliza. Mtu aliyekukasirikia kabisa angempa jirani hilo furushi amsomee.

Lakini hayo yote ni ya wiki ijayo. Kuna la leo, na hili ndilo lililonichoma zaidi. Kipkurui, katika barua yako betri nimezisikia kuliko nilivyomsikia Cheptoo. Najua gari la Waamerika lina viti vingapi na sijui mchumba wako anapenda nini. Wiki tatu yeye anafundisha watoto asubuhi, mchana anarudi kukaa na baba asiyesema, na mchumba wake yuko kiwandani anaandika ripoti. Hakusema neno lolote baya, na ndiye anayeumia kuliko nyinyi nyote. Amekutumia ujumbe, na ulipoupata ulifikiria furushi tu, hukumfikiria aliyeutuma.

Weka kalamu chini. Nasari zinafungwa saa sita, omba ruhusa kwa msimamizi wako uende ukamngoje mlangoni. Mwombe msamaha yeye kwanza, kabla ya mzee yeyote. Halafu mtembee pamoja, polepole, na umwulize jambo ambalo wewe na babake hamjamwuliza miaka yote hiyo mkimpa mgongo kwenye benchi: siku gari litakapokuja, lolote lile, yeye angependa limpeleke wapi.

Shangazi Jerusa