Nimelikalia begi lake

Shoga, uko wapi? Nimeumbuka!

Yule adui yangu wa cherehani ya pili, anayenifichia mkasi kila siku, bosi katangaza anahamia duka jingine. Kaomba mwenyewe! Eti kachoka kugombana nami.

Si ningeshangilia? Nimelikalia begi lake. Mbele ya wateja, shoga. Nimelikalia!

"Inuka, gari linaniacha."

"Siinuki."

"Si ulisema hutaki hata kuniona?"

Bosi katoa macho.

Bado nimelikalia. Adui yangu kaenda kwenye cherehani yangu, anashona upindo wa gauni nililoliacha, anaupeleka kombo makusudi ili niinuke nikamnyang'anye.

Gauni la bibi harusi!

Nikiinuka, anachukua begi anaondoka.

Acha upindo uende kombo.