Mwiko wa Mama Yako

Nkoaranga, Jumapili

Mwanangu Elinipa,

Wanafunzi wamekuja tena shambani kwangu kujifunza mboji. Siku hizi hawazibi pua! Jana tulipokuwa tunapima joto la lundo, fimbo ilivunjika, nikaenda kutungua ukutani ule mwiko mrefu wa mama yako wa kupikia loshoro. Tangu tumzike sikuwa nimeugusa. Niliuchomeka kwenye samadi na majani ya migomba, kisha nikampa binti mmoja aushike.

"Babu, wa moto!"

"Basi mboji inaiva."

Mama yako angenifukuza. Watoto waliusugua kwa majivu mpaka ukang'aa, wakanirudishia mkononi. Nikashindwa kuutundika tena.

Kila ulipopiga simu kuuliza kama nakula, nilikudanganya. Jana nilipika.

Baba yako aliyeshiba,
Sadoki