Nusu Saa ya Mzee Gathogo

Baba,

Mwaka umepita tangu tukuzike na bado kuna kitu nakushuku. Ningeanza na salamu ndefu, lakini wewe ndiye ulisema anayesalimu sana ana shida anaificha.

Kile chumba chako cha Dagoretti Corner nimekirudisha kwa mwenyewe. Deki zako mbili za video ziko hapa Kinoo, na sasa nahariri harusi za watu chumbani kwangu, kwa kompyuta niliyonunua mkononi mwa mtu. Usicheke. Unakumbuka tulivyoteseka? Kaseti ya kamera deki hii, kaseti tupu deki ile, wewe kidole kwa kitufe cha kucheza, mimi kwa kitufe cha kurekodi, halafu unapaza sauti, "Sasa!" Nikichelewa kidogo tu, bibi harusi anaingia kanisani mara mbili na tunaanza upya. Siku hizi navuta kipande kwa mausi, natoa, narudisha, wala hakuna alama. Hiyo ndiyo inanitisha. Deki ikikata, picha ilitetemeka na mtu akajua hapa pamekatwa. Kompyuta inakata kimya kimya. Mimi siamini kitu chenye adabu hivyo.

Mwezi uliopita alikuja Kamau, kifungua mimba wa marehemu Mzee Gathogo. Alileta kaseti uliyopiga siku mzee alipowaita watoto wake awagawie shamba mbele ya wazee. Anataka iwe kwenye sidii awaonyeshe wazee wa sasa (wale wa siku ile wote wamekufa), kwa sababu dada yake Wambui, yule aliyerudi nyumbani ndoa ilipovunjika, anasema baba yao alimpa kipande cha kule mtoni. "Weka tu vile iko, Njeri. Usiguse kitu." Akanywa chai, akarudia. Mlangoni akarudia tena. Ai! Mtu mkweli husema hivyo mara tatu?

Nikaiingiza kwenye kompyuta. Unajua ile tabia yako ya kuanza kila sehemu na saa ya ukutani, ndipo unashuka kwa watu. Wateja walikucheka nayo. Basi kwa Mzee Gathogo saa inasema kumi na dakika kumi, na mzee anawagawia wavulana. Picha inatetemeka. Saa inasema kumi na dakika arobaini, na watu wanakula.

Nusu saa ilienda wapi, Baba?

Nilitamani iwe ni Kamau mwenyewe. Lakini Kamau hajui hata kuwasha deki. Tena nikakumbuka deki yako ya pili ilifika nyumbani mwezi ule ule wa kugawa shamba, na Mama alipokuuliza ukasema ni zawadi ya mteja, ukatoka nje na chai yako haijapoa. Deki hiyo ndiyo niliyojifunzia kazi. Aki nililia, nikashindwa hata kuzima kompyuta.

Kisha hasira ikanishika, nikashusha makatoni yako yote juu ya kabati. Ulikuwa hutupi vipande. "Mabaki ya leo ni mboga ya kesho," ulizoea kuniambia. Katoni ya mwisho, kalamu nyekundu, mwandiko wako: Gathogo, mabaki. Ndani yake kaseti, na kwenye kaseti mzee amesimama, anamwita Wambui kwa jina, anasema kipande cha mtoni ni chake, na wazee wanaitikia. Kamau anaangalia viatu vyake.

Ulijua. Miaka yote hiyo ulikula na sisi, ukaomba na sisi, na ulijua. Sijui kama uliiweka ukijuta au ukijikinga na Kamau. Nimefikiria yote mawili, na siamini lolote.

Nimekirudisha kipande mahali pake. Kompyuta ingefuta ile alama ya kutetemeka, lakini nimeiacha. Sidii moja nimempa Kamau nikamwambia iko vile ilivyokuwa. Ya pili nimempelekea Wambui pale Kenyatta Market anakosuka. Tuliitazama kwa televisheni ya saluni, mteja wake akingoja na kichwa nusu. Babake alipotaja jina lake, alishika mdomo. Alikaa hivyo mpaka ikaisha, ndipo akauliza, "Ni nani alikata?"

Baba, ningesema sijui. Angeamini. Kamau angebeba yote peke yake, na wewe ungebaki fundi mwema mwenye saa yake. Nikasema, "Ni baba yangu."

Alimaliza yule mteja, msuko kwa msuko, mimi nimesimama tu pale nikitafuta mlango kwa macho. Kisha akapangusa kiti. "Keti nikusuke," akasema. "Hicho kichwa umekiachilia tangu matanga."

Pumzika basi. Zile deki siuzi. Nakuahidi kila kazi yangu itaanza na saa, na mteja akiniletea zawadi nitamuuliza kwanza anataka nikate nini. Nina hasira na wewe, na kila nikimaliza kipande kizuri nageuka nikuonyeshe.

Binti yako,
Njeri